Carlo Abarth: Fundi aliyewanyima usingizi wenye magari makubwa

MWEZI Aprili 1979, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akiishi Kenya, aliibuka mshindi wa Safari Rally akiwa na Datsun. Nyuma yake alikuja Hannu Mikkola na Mercedes, na nafasi ya tatu ikachukuliwa na Markku Alén wa Finland, aliyekuwa akiendesha Fiat 131. Gari hilo la tatu lilikuwa na neno la ziada kando ya jina la kiwanda: Abarth. Huenda mashabiki wengi waliojipanga kando ya barabara za vumbi walilichukua neno hilo kuwa ni aina tu ya toleo, kama vile watu wanavyosema GT au Deluxe.

Lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alikuwa bado hai. Miezi sita baadaye, Oktoba 24, 1979, Carlo Abarth alifariki dunia mjini Vienna, akiwa amebakiza wiki tatu tu kutimiza miaka 71. Wakati huo alikuwa amekwisha kuiuza kampuni yake kwa Fiat, miaka minane iliyotangulia, na magari yaliyokuwa yakishinda ulimwenguni kwa jina lake hayakuwa yake tena.

Maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa, kwani kila kijana wa mjini anayepeleka gari lake gereji ili liongezewe nguvu na kubadilishiwa bomba la moshi anafuata njia ambayo Abarth alikuwa miongoni mwa walioifyeka. Tofauti ni kwamba yeye alijua kwa hesabu kile alichokuwa akikifanya.

Alizaliwa Novemba 15, 1908 mjini Vienna na kupewa jina la Karl. Ukoo wa baba yake ulitoka Merano, mji wa milimani ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulihamia mikononi mwa Italia. Kwa hiyo tangu utotoni alikuwa na mguu mmoja Austria na mwingine Italia, na baadaye alipochukua uraia wa Italia, Karl akawa Carlo.

Mapenzi yake ya kwanza hayakuwa magari. Yalikuwa pikipiki. Akiwa kijana alifanya kazi ya kubuni fremu za pikipiki na baiskeli nchini Italia, kisha akarejea Austria kuwa fundi na hatimaye mshindani. Mwaka 1928 alishinda shindano lake la kwanza mjini Salzburg. Alianguka vibaya mjini Linz, na alipopona akaamua kuachana na pikipiki za magurudumu mawili na kuhamia zile zenye kigari cha ubavuni, ambazo alizisanifu mwenyewe.

Ndipo mwaka 1934 alipofanya jambo lililolitangaza jina lake. Alijipima na treni mashuhuri ya Orient Express katika safari ya kutoka Vienna hadi Ostend, Ubelgiji, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300, akiwa juu ya pikipiki yake yenye kigari, na akaishinda. Mtu anaweza kusema huo ulikuwa mchezo wa kutafuta sifa magazetini. Ni kweli, na Abarth hakuwahi kuuonea aibu. Maisha yake yote aliamini kwamba ushindi usiojulikana na watu haulipi kodi ya karakana.

Ajali nyingine mwaka 1938, huko Yugoslavia, ilimlaza hospitalini kwa muda mrefu na kuhitimisha mbio zake za pikipiki. Vita vilimkuta Ljubljana, na huko ndiko alikokaa hadi mwaka 1945, alipohamia Merano, mji wa mababu zake.

KARAMU ILIYOISHA MAPEMA

Abarth alikuwa na uhusiano wa karibu na jamaa wa Ferdinand Porsche, yule mhandisi aliyesanifu Volkswagen. Mke wake wa kwanza alikuwa katibu wa Anton Piëch, mkwe wa Porsche. Baada ya vita, yeye na mhandisi mwenzake, Rudolf Hruska, wakawa wawakilishi wa ofisi ya Porsche nchini Italia, na kwa njia hiyo wakakutana na Piero Dusio, tajiri wa Turin aliyekuwa na kampuni changa ya magari ya mashindano iitwayo Cisitalia.

Dusio alitaka gari la Grand Prix lisilo na mfano. Ofisi ya Porsche ikamchorea gari lenye injini ya silinda 12 zilizolala, ujazo wa lita 1.5, likiwa na mtambo wa kusukuma hewa ndani ya injini, na linaloweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Fedha alizotoa Dusio zilisaidia pia kumtoa mzee Porsche katika kifungo nchini Ufaransa. Kwa mwaka 1947, gari hilo lilikuwa ndoto ya mtu aliyelala akiwa ameshiba. Gharama zake ziliila kampuni yote. Cisitalia ikaanguka, Dusio akaelekea Argentina, na Abarth akabaki na magari machache ya mashindano, vipuri na madai yake.

Somo hilo lilikuwa wazi kabisa: gari la mashindano linaweza kumfilisi mwenye nalo kabla halijazunguka uwanja hata mara moja. Ajabu ni kwamba Abarth, aliyeliona hilo kwa macho yake akiwa na miaka 40, alikuja kulirudia akiwa na 60.

Machi 31, 1949, kwa msaada wa fedha za familia ya Scagliarini, alifungua kampuni ya Abarth & C. mjini Bologna. Miaka miwili baadaye akaihamishia Turin, mlangoni kwa Fiat. Nembo aliyoichagua ni nge, kwa sababu alizaliwa chini ya nyota hiyo. Wasomaji wa safu za unajimu magazetini wanaifahamu, nao wanajimu wa pwani huiita Akrabu.

Mwaka 1950 nge huyo alipata bahati ambayo fedha isingeweza kuinunua. Tazio Nuvolari, dereva ambaye Waitalia walimhusudu kuliko wote, akiwa na miaka 57 na mapafu yaliyokwisha kuharibika, aliendesha gari la Abarth aina ya 204A katika mbio za kupanda mlima Pellegrino, mjini Palermo, Aprili 10. Alishinda katika daraja lake. Ndiyo yaliyokuwa mashindano yake ya mwisho. Naye, kwa wanaopenda mambo ya nyota, alizaliwa Novemba 16, siku moja tu baada ya tarehe ya Abarth.

FEDHA ZILIPOTOKA

Ushindi haukulipa mishahara. Kilicholipa mishahara ni bomba la moshi, ambalo katika gereji zetu huitwa ekzosi.

Magari madogo ya Italia ya wakati ule yalitoka kiwandani na ekzosi za bei nafuu, zilizozuia kelele kwa kuuzungusha moshi katika vyumba vya bati. Moshi uliokwama njiani huirudisha injini nyuma, kwa kuwa pistoni inalazimika kutumia nguvu kuusukuma nje, na mabaki yake huchukua nafasi ya hewa safi inayotaka kuingia. Abarth alitengeneza ekzosi ambayo bomba lake la kati lilipita moja kwa moja, likiwa na matundu ubavuni, na kuzungukwa na nyuzi za kumeza sauti. Moshi ukapita kwa urahisi zaidi, na mlio ukawa mzito, wa kiume kidogo, bila kuwa makelele. Akaipaka rangi nyeusi, akaitia ncha zinazong'aa, akaweka nge juu yake. Karani mwenye Fiat ya kuendea ofisini sasa aliweza, kwa fedha kidogo, kusikika kama mtu wa mashindano.

Biashara hiyo ilikua hadi kufikia zaidi ya ekzosi 250,000 kwa mwaka 1962, na sehemu kubwa iliuzwa nje ya Italia. Nguvu iliyoongezeka kwa kubadilisha ekzosi peke yake ilikuwa ndogo, na wanunuzi wengi bila shaka walikuwa wakinunua sauti. Lakini kwa Abarth ekzosi ilikuwa hatua ya kwanza tu ya kazi kubwa zaidi.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1955, Fiat ilipotoa gari dogo la 600. Lilikuwa na injini nyuma, silinda 4, ujazo wa cc 633 na nguvu za farasi zisizozidi 22. Lilikusudiwa kuwabeba baba, mama na watoto kwa mwendo wa heshima.

Injini, ukiitazama kwa jicho la fundi, ni pampu ya hewa. Petroli unaweza kuimwaga humo kiasi chochote unachotaka, lakini bila hewa ya kutosha haiungui. Basi anayetaka nguvu zaidi ana njia chache: aongeze nafasi ndani ya silinda, aibane hewa zaidi kabla ya kuwashwa, aifanye injini izunguke haraka zaidi, au aipunguzie shida ya kuvuta pumzi na kuitoa. Kila njia ina bei yake. Ukiongeza nafasi, kuta za silinda zinakuwa nyembamba. Ukibana zaidi, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Ukizungusha haraka, springi za valvu zinashindwa kufunga kwa wakati. Na kila farasi anayeongezeka anakuja na joto lake.

Katika injini ya 600, Abarth aliutanua upana wa silinda kwa milimita moja tu, kutoka 60 hadi 61. Kazi kubwa aliifanya chini, kwenye krenkishafti. Akaweka mpya iliyofuliwa kwa nguvu zaidi, iliyoirefusha safari ya pistoni kutoka milimita 56 hadi 64. Ujazo ukafika cc 747. Kisha akaweka kamshafti iliyoziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, kabureta kubwa zaidi, mgandamizo wa juu zaidi na, bila shaka, ekzosi yake. Nguvu zikapanda hadi zaidi ya farasi 40, karibu mara mbili ya zile za kiwandani, katika injini ambayo kwa nje ilionekana ni ile ile.

Uamuzi wa kibiashara uliofuata ndio uliomtofautisha na mafundi wengine hodari wa Turin. Aliuza mabadiliko hayo yakiwa ndani ya sanduku. Mwenye Fiat 600 aliweza kununua sanduku lenye krenkishafti, pistoni, kamshafti, kabureta na ekzosi, akampelekea fundi wake wa mtaani, na gari likageuka. Siri ya karakana ikawa bidhaa ya dukani.

Kutoka hapo aliendelea kuichonga injini ile ile kama mchonga mpingo asiyetaka kuliacha gogo. Mwaka 1961 alitoa 850 TC yenye cc 847 na farasi 52, kisha ikaja 1000 TC ya cc 982 na farasi 60 katika toleo la barabarani. Yale ya mashindano yalikwenda mbali zaidi, na lile la 1970, lenye silinda hedi mpya ya vyumba vya duara, lilipita farasi 100. Bloku la injini iliyozaliwa na farasi 22 lilikuwa sasa linabeba mara tano ya mzigo wake.

Joto ndilo lililokuwa adui. Magari ya mashindano yalipewa rejeta ya ziada mbele, kama bampa nene, na mfuniko wa injini nyuma ukaachwa wazi, umeshikiliwa kwa vyuma. Watu waliuona mfuniko ule na kudhani umesahauliwa. Kumbe uliingiza hewa, na baadaye ikagundulika kuwa uliisaidia pia njia ya upepo nyuma ya gari. Vijana wa Italia waliokuwa na 600 za kawaida wakaanza kuendesha na mifuniko wazi, injini zao zikiwa hazina joto lolote la kupunguza. Kila mji una vijana hao.

Katika daraja la magari madogo la mashindano ya Ulaya, Fiat-Abarth zilitawala katikati ya miaka ya 1960. Marekani nako, Franklin Roosevelt Mdogo, mtoto wa rais, aliyekuwa mwagizaji wa Fiat, aliunda timu ya kushindana na Abarth zenye bodi ya Zagato, zile zenye vibiongo viwili juu ya paa ili vichwa vya abiria vipate nafasi.

TUFAHA NA REKODI

Mbali na mbio za kawaida, Abarth alikuwa na uraibu wa rekodi. Uwanja wake ulikuwa Monza. Juni 1956, gari lake la cc 750 lililovalishwa bodi na Bertone lilikimbia saa 24 na kumaliza kilomita 3,743, wastani wa karibu kilomita 156 kwa saa. Februari 1958 alichukua Fiat 500, kigari cha silinda mbili na cc 479 ambacho wanunuzi walikuwa wakikikwepa kwa kukiona dhaifu, akakiongezea nguvu na kukizungusha Monza usiku na mchana kwa siku saba. Kilikwenda kilomita 18,186 kwa wastani wa kilomita 108 kwa saa. Fiat, iliyokuwa ikimtazama jirani yake kwa mbali, ikaelewa ujumbe. Ikakubali kumlipa kwa ushindi na rekodi atakazopata kwa magari yenye jina lake.

Mkataba huo ulikuwa asali na ulikuwa kamba. Ulimpa fedha za uhakika, lakini ulimfunga kwenye mti wa Fiat. Alijaribu kujinasua. Mwaka 1960 alitengenezea Porsche magari mepesi ya Carrera GTL, yapatayo 20, yaliyoshinda katika daraja lake Le Mans mwaka huo huo. Kisha akashirikiana na Simca ya Ufaransa, hadi Chrysler ya Marekani ilipoishika Simca mwaka 1963 na ushirikiano ukafa.

Oktoba 20, 1965, akikaribia miaka 57, aliamua kuvunja rekodi kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mwili, na gari lilikuwa jembamba la kiti kimoja. Badala ya kulipanua gari, akajipunguza yeye. Alipoteza kilo 30, kwa chakula ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa matufaha, kisha akajipenyeza ndani na kuondoka na rekodi za kuongeza mwendo kutoka kusimama. Hiyo ilihesabiwa kuwa rekodi ya mia ya kampuni yake. Alipigwa picha akiwa na rundo la matufaha, na picha hiyo imesambaa kuliko picha za magari yake mengi.

Hapo ndipo ilipofaa kutulia. Lakini mtu aliyezoea kuwapiga wakubwa kwa vitu vidogo alianza kutamani ukubwa wenyewe. Akaingia katika magari ya mashindano ya lita 2 na 3 aliyoyajenga tangu mwanzo, bila injini ya Fiat ya kuanzia. Akajenga hata injini ya silinda 12 yenye lita 6, iliyokusudiwa kupambana na akina Ferrari. Kanuni mpya za 1968 zikaweka kikomo cha lita 3 kwa magari ya namna hiyo, na injini hiyo ikakosa mahali pa kwenda. Fedha za ekzosi na masanduku zikawa zinaingia mlango mmoja na kutokea mwingine. Viwanda vya Turin, wakati huo huo, vilitikiswa na migomo mikubwa ya 1969.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kipaji cha Abarth kilikuwa katika kuboresha. Mpe injini ya mtu mwingine, atakuonyesha nguvu ambazo aliyeitengeneza hakujua kuwa zimo. Alipopewa karatasi tupu, alikuwa mhandisi mzuri miongoni mwa wahandisi wazuri, na hao Italia ilikuwa nao wengi, tena wenye fedha kumzidi.

Mwaka 1971 aliiuza kampuni kwa Fiat. Kazi ya magari ya prototaipu ikaenda kwa Enzo Osella, na Fiat ikaigeuza karakana ya nge kuwa idara yake ya rali. Mzee akarudi Vienna, alikotoka. Kutoka huko aliweza kuona Fiat 131 Abarth ikitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mwaka 1977 na 1978. Ubingwa wa 1980 haukumkuta.

Mafundi aliowalea waliendelea. Mwaka 1981 Fiat iliifuta Abarth kama kampuni inayojitegemea, lakini kazi ya kuandaa magari ya rali ya Lancia ilibaki mikononi mwa watu wale wale wa Turin, na miongoni mwa magari hayo ni Delta Integrale ambalo Miki Biasion alishinda nalo Safari Rally mwaka 1988 na 1989. Jina la Abarth lenyewe likabaki kuwa kibandiko kwenye matoleo ya Fiat, hadi mwaka 2007 lilipofufuliwa kama chapa inayosimama peke yake.

Mwaka 2022 chapa hiyo ilitangaza gari lake la kwanza la umeme, 500e. Halina krenkishafti ya kurefusha, halina kabureta, wala halina moshi wa kutolewa. Wahandisi waliona kwamba haliwezi kuuzwa kwa jina hilo likiwa kimya, wakalifungia spika inayotoa nje mlio wa Abarth ya petroli. Dereva asiyeupenda anaweza kuuzima.